Uzamili wa GIS Dar es Salaam: kilichostahili ada na kisichostahili

Kama unachotaka ni kujua kutumia programu tu, usilipe ada ya uzamili wa GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani. QGIS, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure, mafunzo yake yamejaa YouTube, na mwenye kompyuta ya kawaida na bando ataweza kuchora ramani safi kabla muhula wa kwanza haujaisha. Mimi nimemaliza shahada hiyo Dar, nikisoma jioni baada ya kazi, na ningeirudia kwa sababu nyingine kabisa: ilinifundisha kuihoji ramani.

Nikupe mfano. Ukiambiwa utafute nani anaishi karibu na zahanati, wengi tunachora duara la kilomita 5 na kuhesabu nyumba zilizomo. Mhadhiri wetu alitufungulia ramani ya Bonde la Msimbazi akauliza: huyu aliye ng'ambo ya mto anavukia wapi? Tukahesabu upya kwa kufuata barabara na madaraja, na watu tuliowaweka karibu wakawa mbali. Barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde hilo, ikifungwa kwa mafuriko, hesabu inabadilika tena.

Somo la projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, ni kavu, lakini lishike. Ramani nyingi za zamani za upimaji hapa nchini ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, ilhali GPS ya simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha, vitu vinaachana kwa takriban mita 300. Hapo unaongelea kiwanja cha mtu, na kesi juu yake.

Tasnifu yangu ilihusu mafuriko, na hapo ndipo nilipofaidi zaidi. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure na pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 ardhini, ila wakati wa masika, unapozihitaji hasa, unaona mawingu matupu. Rada ya setilaiti za Sentinel-1 inapenya mawingu, usiku na mchana, ingawa katikati ya nyumba zilizobanana nayo hubabaika. Data ya mwinuko wa ardhi ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, ina pikseli ya mita 30 hivi na imehesabu mapaa na miti kana kwamba ni ardhi; bondeni, ambako nusu mita inaamua maji yaingie ndani au yasiingie, haikutoshi. Walioniokoa ni Ramani Huria, mradi ambao kupitia kwake tangu 2015 wanafunzi na wakazi wamechora mitaa na mifereji ya Dar na kuiweka wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Pamoja nao, akina mama wa bondeni walionionyesha alama za maji kwenye kuta zao. Alama zile zilirekebisha modeli yangu ya kukadiria mafuriko kuliko kitu kingine chochote.

Malalamiko ninayo. Mtaala wa chuo changu uliegemea mno programu ya leseni ya bei kubwa ambayo halmashauri nyingi haziwezi kuinunua. Python, lugha ya kuandikia programu, na PostGIS, hifadhidata ya data za ramani, vilipitiwa juu juu, navyo ndivyo ninavyovitumia kazini kila wiki. Maabara ilijaa, na msimamizi alipatikana kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, uliza kama kuna kazi ya uwandani ya kweli, na kama hifadhidata inafundishwa kwa vitendo. Uliza pia wahitimu wao wako wapi sasa: mamlaka za maji, ardhi, afya? Ukienda ukiwa na tatizo lako mkononi, la kata yako au ofisi yako, ada yako itarudi.