Elite Dangerous: kwa nini unaishia mruko wa 40 (na skana iliyonirudisha njiani)

Mmeisikia hiyo? Ngojeni niirudie. Haya. Huo mngurumo ndio tunaita kupiga honi. Umefika kwenye mfumo mpya wa nyota, unashikilia kitufe, chombo kinanguruma, ramani inakuambia hapa kuna sayari 14, au 3, au hakuna kitu na umejichosha bure. Leo nimepiga honi hiyo mara 112. Nikilala naisikia.

Karibuni tena wadau. Kabla sijasahau kama wiki iliyopita, gonga kengele hapo chini, maana live zimehamia Jumapili na kuna watu bado wananisubiri Jumamosi, poleni sana.

Sasa. Gemu lenyewe sielezi, mnalijua: limetoka 2014, galaksi nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400, basi. Leo najibu swali moja ambalo mnaniuliza kila siku kwa maneno tofauti: "Kaka, nilianza safari ya kwenda katikati ya galaksi, nikaishia njiani, hamu imekata. Nifanyeje?"

Hesabu kwanza, ili mjue hamjalogwa. Kutoka Jua letu mpaka Sagittarius A*, lile shimo jeusi la katikati, ni karibu miaka ya nuru 25,900. Chombo changu kinaruka kama 70 kwa mpigo mmoja. Gawanya: miruko 370. Mruko mmoja ni dakika moja hivi ukiwa mwepesi. Saa sita na ushee za kitu kilekile! Sekunde zinahesabiwa, handaki la mawingu, paap, nyota usoni, kwepa, chota mafuta, honi, ruka. Na hapo hujafikiria Beagle Point kule upande wa pili wa galaksi, zaidi ya miaka ya nuru 65,000. Nani hachoki?

Mimi naona kinachoua hamu ni ile namba ya miruko iliyobaki. Ukishaanza kuichungulia, umekuwa abiria wa basi anayeuliza "tumefika wapi?" kila baada ya dakika tano. Ramani inakuruhusu kupanga njia ya mpaka miaka ya nuru 20,000 kwa mara moja. Usifanye hivyo! Mimi napanga 1,000 tu, kuelekea kitu ninachokiona kwa macho. Lile wingu la zambarau pale, mnaliona? Ndiyo safari yangu ya leo. Kesho nitachagua jingine. Galaksi imegawanywa kanda 42, kwa hiyo hata kuvuka mpaka wa kanda ni sikukuu, unaandikiwa mambo mapya kwenye Codex, ile daftari ya uvumbuzi ndani ya gemu.

Lakini hayo ni maandalizi tu. Kilichonirudisha mimi ni hiki hapa, na naomba mnivumilie maana nitakaa nacho. Skana ya FSS, ile ya kutambua sayari zote za mfumo ukiwa umesimama palepale.

Nimefika, nimepiga honi: vitu 31. Napunguza mwendo mpaka chini kabisa, nafungua skana. Mnaona skrini imegeuka buluu? Chini kuna mstari wa masafa, na hivi vilima vidogo vinavyochezacheza ni sayari, kila aina na mahali pake. Kulia mwisho kabisa ni majitu ya gesi. Sasa nazungusha... taratibu... ni kama redio ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono ukitafuta stesheni, unapita mikwaruzo, mikwaruzo, halafu ghafla sauti inakaa sawa. Hapo! Umeona mishale ilivyojipanga? Navuta. Jitu la gesi. Sikilizeni huo muungurumo, kama mtu mnene anakoroma chumba cha pili.

Endelea. Hili ni la barafu. Barafu. Barafu tena, aa, barafu nyingi huku. Hili la mawe. Na unaona sijasogea? Zamani, kabla ya skana hii kuja Desemba 2018, ungeona kitu mbali huko kwenye ukingo wa mfumo, ungelazimika kukiendea mwenyewe dakika kibao kujua ni nini. Wazee wa gemu walilalamika kwamba skana mpya imewafanya wakae kimya wakizungusha kitasa. Mimi nasema kuzungusha kitasa ndiyo raha yenyewe! Ukifanya hivi, mruko mmoja unageuka kuwa dakika tano, na hizo dakika tano hukumbuki kabisa kuna namba imebaki 330.

Subiri... sauti hii siipendi. Yaani naipenda! Nyamazeni kidogo. Hii si ya barafu. Navuta... njoo, njoo... MAJI! Dunia ya maji, jamani! Na haina jina la mtu. Hakuna mtu amewahi kuileta nyumbani. Nikiuza data hii salama, jina langu linakaa hapo. Tupo wengi tunaocheza na bado galaksi hii hatujaifikia hata asilimia 1. Ngoja nipumue.

Haya. Tumefika wapi? Ndiyo, mafuta. Kuna ndugu mmoja ameniandikia amekwama katikati ya vibete vya kahawia, tangi tupu. Ndugu yangu, si kila nyota inakupa mafuta. Zinazotoa ni K, G, B, F, O, A na M. Wenzetu wanakariri KGBFOAM, mimi herufi tupu hazinikai kichwani, nimejitungia yangu: Kaka, Gari Bila Fueli? Ona Aibu, Mzee! Chuja ramani kwa hizo saba na hutakwama. Ukikwama hata hivyo, waite Fuel Rats, wachezaji wanaojitolea kuleta mafuta mahali popote, bure. Ila ukiona hewa ya oksijeni imeanza kuhesabu, usianze kuandika barua, toka kwenda menyu kuu kwanza, ndiyo uwaite.

Sasa kuna mtu atasema, mbona wewe huyohuyo mwezi uliopita ulipita njia ya nyota za nyutroni kama mwizi anayefukuzwa? Kweli. Nakiri. Unapita kwenye mkia wa nyota ya nyutroni, injini inajazwa, mruko wako unazidishwa mara nne. Yangu ya 70 ikawa 280. Nilifika Colonia, makazi ya watu mbali sana na nyumbani, kwa jioni mbili, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Ule mkia unavyokutikisa, kioo kinalia, mkono unatoka jasho! Kwa hiyo nilichosema mwanzo kuhusu kwenda polepole, kipunguzeni kidogo. Kuna siku hamu inarudi kwa kusimama na kuna siku inarudi kwa kukimbia. Ila nilipofika Colonia sikukumbuka hata mfumo mmoja niliopita. Hata mmoja! Dunia hii ya maji ya leo nitaisimulia mwaka mzima.

Na Colonia yenyewe ni hadithi ya mtu aliyepotea. Kituo cha Jaques, kituo cha anga kinachoruka kama chombo, kilikuwa kinaelekea Beagle Point mwaka 2016, kikakosea mruko, kikaibukia huko, miaka ya nuru 22,000 kutoka nyumbani, na watu wakakifuata wakajenga. Mnaona? Hata hao hawakufika walikokuwa wanakwenda.

Mnaniuliza kuhusu magemu mengine ya anga, kama No Man's Sky. Nalo naliheshimu, limekarabatiwa sana tangu 2016. Lakini kule kila unaposhuka kuna mnyama mwenye miguu sita na uyoga wa rangi ya pinki, hakuna upweke. Starfield? Sayari zaidi ya 1,000, unafungua ramani, unagusa, umefika. Mimi nataka kuuona umbali. Elite inakupa utupu, na ndani ya utupu ndiyo kitu kimoja cha maji kinakufanya upige kelele peke yako usiku.

Bei nayo. Subirini punguzo kwenye Steam, lile duka la magemu mtandaoni, linakuja mara kwa mara, msikimbilie. Halafu hii ya kuuza vyombo vipya kwa Arx, zile sarafu za gemu zinazonunuliwa kwa pesa halisi, miezi kadhaa kabla ya kuviachia kwa kredi za ndani ya gemu, mimi sijaipenda na sitaizoea. Chombo changu ni Mandalay, na nilisubiri mpaka kikapatikana kwa kredi, ugumu wangu mnaujua. Asp Explorer ya zamani bado inakufikisha. Odyssey, ile nyongeza ya 2021, inunue kama unapenda kushuka kwa miguu kuchukua sampuli za mimea. Sampuli tatu kwa kila aina, na usizichukue sehemu moja, lazima utembee. Kuna moja, Stratum Tectonicas, inalipa karibu kredi milioni 19, na ukiwa mtu wa kwanza inazidishwa mara tano. Hapo hamu inapanda hata kwa mvivu.

Lakini uza data mapema! Nikifa sasa hivi, hii dunia ya maji imekwenda na maji. Yalinikuta: wiki sita za safari, nikashuka kwenye sayari yenye uvutano mkubwa huku najibu meseji. Sikulaumu gemu, nililaumu simu. Siku hizi nikikuta meli-mama ya mchezaji mwenzangu njiani yenye ofisi ya kununua data, natua, hata kama wanakata asilimia yao.

Jina la chombo mlilonipigia kura limeshinda, mnaliona hapo ubavuni: MWENDAPOLE. Aliyependekeza "Jeneza la Anga" nimekuona, tutaonana Jumapili.

Vimebaki vitu 19 kwenye skana na kimoja kina sauti ninayoitilia shaka. Kamera naizima, kitasa siachi.