pandas[excel] na pip: "imesakinishwa vizuri" yao ilivyoniumbua kwa mteja

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda ajiondokee: pip, ile programu ya kushusha na kusakinisha maktaba za Python, kwenye hili suala la ekstra (vitu vya ziada unavyoviomba kwa mabano, kama [excel]) naipa moja. pandas yenyewe, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali ya data, sijui, nilikuwa nimeipa mbili, sasa hivi nimepanda kwenye tatu, na kabla sijamaliza kuandika naweza nikawa nimebadilisha tena, mtanivumilia.

Ishu yenyewe iko hivi. Kuna saccos moja nawatunzia mfumo, niliurithi kwa jamaa aliyeuandika zamani akaenda zake. Kila mwisho wa mwezi mama mhasibu anapakia faili la Excel la makato ya mishahara, mfumo unasoma, unagawa hela kwenye akaunti za wanachama, basi. Tulikuwa tumehamia seva mpya, kila kitu kikawaka vizuri, tukapeana mikono. Mwisho wa mwezi ukafika. Simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huu mfumo wako umelikataa faili langu, na watu wamejaa hapa dirishani wanataka kuangalia akiba zao. Niwaambieje?"

Sasa hapo wewe jibu.

Nikaingia kwenye logi nikakuta pandas inalalamika haina openpyxl, maktaba inayoitegemea kusoma xlsx, yaani faili za Excel za siku hizi. Haina vipi wakati kwenye requirements, ile orodha ya vya kusakinisha, imeandikwa pandas[excel], yaani nimeomba pandas NA vitu vyake vya Excel, na kontena (kifurushi kinachobeba mfumo pamoja na mahitaji yake) ilipojengwa ilimaliza bila kelele yoyote, pip ikatoka na sifuri ambayo kwa kompyuta maana yake mambo safi?

Kumbe. Ule mfumo umekwama kwenye pandas 1.5.3, kwa sababu toleo la 2.0 lililotoka Aprili 2023 liliiondoa append ya DataFrame, amri ya kuongeza mistari kwenye jedwali, na yule jamaa aliyeniachia alitumia append kama chumvi, kila faili imo, kuiondoa ni kazi ya wiki na mteja hawezi kuilipia. Na hizo ekstra za kina excel zilianza na toleo hilo hilo la 2.0. Kwenye 1.5.3 hakuna kitu kinaitwa excel. Sawa, haikuwepo, hilo silalamikii, kitu ambacho hakijatengenezwa hakijatengenezwa. Ninacholalamikia ni pip ilifanya nini ilipoombwa kitu kisichokuwepo. Ilitoa mstari MMOJA wa njano, "WARNING: pandas 1.5.3 does not provide the extra 'excel'", halafu ikaendelea na safari, ikashusha pandas tupu, ikaandika imefanikiwa.

Imefanikiwa nini sasa? Ni sawa na uende kwa mama ntilie uagize wali samaki, anong'one samaki hakuna huku kageukia jiko, akuwekee wali mkavu, halafu kwenye daftari aandike umekula samaki.

Na huo mstari wa njano unatoka katikati ya mamia ya mistari ya kushusha mizigo, na ukijenga kontena kwa Docker hatua ikiisha salama mistari yake inajikunja yote unabaki unaona tiki. Ukiandika pandas[exel] kwa kukosea herufi ni hivyo hivyo, onyo halafu twende kazi. Ukiandika pandas[ugali] pia. Nimejaribu kwa hasira, ikakubali, nina pandas ya ugali kwenye laptopu yangu mpaka leo.

Halafu kuna amri inaitwa pip check, kazi yake ni kukagua kama kuna kitu kimepungua. Nikaiita nikiwa na mhasibu kwenye laini. Ikanijibu "No broken requirements found." Nilicheka, lakini siyo kicheko kizuri. Sababu ni kwamba pip ikishasakinisha haiweki kumbukumbu kwamba uliomba ekstra gani, inajua pandas ipo, na vile ambavyo pandas inavihitaji kwa lazima vipo, basi imeridhika. Ulichoomba wewe ilishakisahau zamani.

Nikampigia fundi wa seva, mtu baki tu tuliyepewa na mwenye seva, jina la nini. Jibu lake la kwanza: "Kwani woning hamsomi?" Kwa sauti ile ya mtu anakula. Nikamwambia kaka hiyo kontena inajengwa yenyewe usiku, hakuna binadamu anaikodolea macho. Akasema basi weka xlrd, maktaba nyingine ya kusoma Excel, yaishe. xlrd! Hiyo iliacha kusoma xlsx tangu toleo lake la 2.0, Desemba 2020, sasa hivi inasoma xls za zamani tu, lakini mafunzo ya mtandaoni ya miaka ile bado yanaelekeza watu huko na mafundi kama hawa ndiyo wanakoishi. Nikaiweka ili asije akasema sikujaribu. Era (kosa) ile ile, neno kwa neno. Nikamrudia, akasema labda ni cache, yaani vitu vya zamani vilivyohifadhiwa. Nikakata simu.

Dawa ilikuwa kuandika openpyxl mstari wake peke yake kwenye requirements, nikajenga upya, mama akapakia faili, likapita. Dakika chache. Kitu cha dakika chache ndicho kimenifanya nionekane tapeli mbele ya foleni ya watu wazima wanaodai akiba zao.

Sasa hapa ndipo nyota za pandas zinapopanda, kwa sababu lazima niseme ukweli, ujumbe wake ulikuwa mzuri. Imekutajia jina la kinachokosekana na imekuambia kishushe kwa pip au conda. Kuna maktaba zingine zingekutupia era ya kutoka chini ya ardhi huko ukahangaika mpaka asubuhi. Na kusema kweli wazo zima la kutokubebesha vitu vyote mimi naliunga mkono, mtu wa bando ndiyo analielewa kuliko wote. Jaribuni pandas[all] muone, inashusha mpaka PyQt5, zana nzima ya kutengenezea madirisha ya programu, eti kwa ajili ya kunakili na kubandika. Kwenye seva isiyo na skrini!

Ila hata hiyo excel yenyewe kwenye 2.0 ukiitazama, mimi nataka kusoma xlsx, yaani openpyxl basi, yenyewe inanipa openpyxl, xlrd, xlsxwriter, pyxlsb na odfpy. Hiyo odfpy ni ya faili za LibreOffice. Nani ameomba? Kwa hiyo ukiwa na toleo la zamani hupati kitu, ukiwa na 2.0 unapata vitano. Nyota mbili na nusu.

Na pandas inaangalia kama openpyxl ipo pale tu unapoita read_excel, amri ya kusoma Excel, siyo mwanzoni. Naelewa kwa nini, ingekuwa mwanzoni kila mtu angelazimika kuwa nayo hata asiyejua Excel ni nini. Lakini matokeo yake seva inawaka, majaribio yote yanapita maana yule jamaa aliyaandika kwa CSV (majedwali ya maandishi matupu, siyo Excel), wiki zinapita, bomu limelala tu linamsubiri mama wa watu mwisho wa mwezi.

Wapo watakaonitetea pip hapa chini, nawajua. Watasema ekstra zinakuja na kuondoka kati ya matoleo, pakeji fulani ikiifuta ekstra yake kwa sababu kile kitu sasa kinakuja chenyewe, kila anayeitegemea angevunjika kwa kosa lisilo lake, bora onyo. Ni hoja, siikatai, na najua pip inasukumwa zaidi na watu wanaojitolea, sina cha kuwadai. Hata uv, mshindani wa pip inayosifiwa kwa mbio, nayo inaonya tu. Lakini Cargo, ndiyo pip ya lugha ya Rust, ukiomba feature (ekstra zao hizo) ambayo haipo inagoma hapo hapo, haijengi, na watu wa Rust wapo, wanaishi, hawajafa. Nipeni basi hata swichi moja ya kusema "ekstra isipokuwepo kataa", asiyeitaka asiiwashe. Kwa sasa ninachofanya ni kuandikia kahati kadogo kanakoita import openpyxl wakati kontena inajengwa, kakishindwa kontena nayo ife pale pale, nikiwa bado na muda wa kuhangaika kabla mteja hajaamka.

Ekstra kwenye kazi za wateja sitaki tena, naandika kila kitu kwa jina lake. Kwenye vitu vyangu binafsi naendelea kutumia, ni rahisi bwana, nisiwe mnafiki.

Aah, pip sawa, moja na nusu. Juzi mama kapiga tena, tawi lao lingine linatuma xls, ile ya zamani kabisa, mfumo umekataa. Hiyo ndiyo inataka xlrd. Yule fundi asijue tu.