Rangi ya kupuliza ya injini: kwa bloku sawa, kwa manifodi hapana

Makopo ya mililita 400 yanayouzwa kwenye maduka ya spea hapa Mwanza yanafaa, mradi usome joto linalohimiliwa lililoandikwa. Ya 260°C yanatosha bloku (mwili mkuu wa injini), sampo (bakuli la oili chini yake) na kava ya tapeti (mfuniko wa juu). Manifodi ya ekzosi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, inahitaji ya 600°C kwenda juu. Ukipiga ya kawaida, siku ya kwanza tu inatoa moshi, inababuka.

Kopo moja linamaliza bloku na sampo ya injini ya silinda 4. Ukiongeza hedi (sehemu inayokaa juu ya bloku), nunua mawili.

Lawama nyingi zinazotupiwa rangi hii ni za usafi. Grisi ikibaki kwenye pembe za bloku, rangi inavimba malengelenge injini ikipata moto. Sugua kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, osha kwa sabuni ya unga, kausha, kwangua kutu kwa brashi ya waya, piga msasa namba 120, kisha futa kwa thina. Sehemu za alumini usizipake kostiki soda, inazila. Ziba matundu ya plagi, sensa, alteneta na pale waya wa hasi wa betri unapofungwa.

Puliza tabaka jembamba mara tatu, ukipisha dakika kumi. Sisi wa kando ya ziwa tusubiri jua likolee: chuma cha asubuhi kina umande, na rangi inafifia kuwa nyeupe.

Kasoro ya kweli ni pua ya kopo, inaziba haraka. Ukimaliza, ligeuze kichwa chini upulize hadi itoke hewa tupu.