Stesheneri ya Nyegezi: kama unasomea kwenye simu, hapa utapahitaji (nyota 4 kati ya 5)

Wanachuo wa Mwanza, hii ipo Nyegezi, ukitoka stendi ukashika njia ya Malimbe, kabla hujamaliza maduka ya chipsi utaona kibao cha bluu kimeandikwa fotokopi, laminesheni, passport size. Jina naliacha, mwenye duka ni mama wa makamo ambaye wanafunzi wote tunamwita Mayu, wala hajaniomba tangazo na foleni aliyonayo tayari inamtosha.

Mtaniuliza stesheneri nayo ya kuiandikia marefu? Ndiyo, kwa sababu chuo cha siku hizi kinapita humo. Angalia tunavyosoma, lekcha anamrushia CR, yaani kiongozi wa darasa, slaidi, CR anazimwaga kwenye grupu la WhatsApp, asainmenti inapandishwa kwenye mfumo, vyuo vingi wanatumia Moodle ile ya Martin Dougiamas wa Australia iliyotoka toleo la kwanza 2002 na ni ya bure ndo maana imesambaa dunia nzima, mada ukiielewa nusu unaenda kuimalizia YouTube, past papers zipo Telegram. Yaani somo zima liko mfukoni. Halafu ikikaribia UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wote tunarudi kwenye karatasi, hata wale wenye simu za milioni unawakuta pale wamejipanga, maana ukisoma kwenye simu meseji inaingia, unaifungua, inakupeleka kwenye video, unakuja kushtuka saa nzima imeenda na ulikuwa ukurasa wa pili.

Mayu hilo kalijua kitambo. Ana simu moja ya kazi tu, haichati na mtu. Unatuma faili ukiwa bado geto, unaandika pande moja au mbili, nyeusi au rangi, unataka spairo au stepla, ukifika unakuta limeshatoka limebandikwa kikaratasi chenye jina lako. Nyeusi shilingi 100 ukurasa, fotokopi 50, rangi 500, spairo 2,000. Rangi ni ghali najua, ila nenda siku ya Jumamosi uone jamaa wa udaktari wa Bugando wanaokaa huku, hawana ujanja, slaidi za tishu zimepakwa zile rangi za waridi na zambarau, ukiziprinti nyeusi inabaki picha ya majivu tupu. Wale wa chuo cha uvuvi pale Nyegezi nao wanakuja na michoro ya samaki. Unakaa kwenye benchi unasubiri zamu unajikuta unasoma mambo ya mapezi ya sato.

Kilichonifanya niwe mteja wa kudumu ni dogo anayekaa kwenye kompyuta. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alileta picha za notsi alizopiga ubaoni, zikatoka maandishi yamefifia kama yameandikwa kwenye maji, akaanza kulalamika printa mbovu.

"Dada, hizi picha ulinitumia kawaida?"

"Ndiyo, nimezichagua kwenye galari nikatuma."

"Basi ndo shida. WhatsApp ukiituma picha hivyo inaibana iwe nyepesi, kwenye simu hushtuki, kwenye karatasi ndo unaona. Bonyeza kale kapini, chagua dokyumenti, halafu ndo uitafute picha yako. Jaribu moja nione."

Akatuma, ikatoka inasomeka mpaka chaki iliyofutwa vibaya inaonekana. Na zile za mwanzo hakumlipisha. Dogo huyohuyo ukimpelekea Word uliyoandikia kwenye simu anakwambia ibadili iwe PDF kwanza, kwa sababu kwenye kompyuta yake fonti zinaruka, majedwali yanahama, kava ya asainmenti inakuja na jina lako peke yake ukurasa wa pili. Hayo hufundishwi darasani, na kusema kweli ndo kompyuta nusu ya wanachuo wanayoijua.

Usiku wa dedilaini ni sinema. Mfumo unafunga saa 5:59 usiku, kuanzia saa mbili benchi limejaa, bando za watu zimekata, Mayu anauza waifai 500 kwa saa na hafungi mpaka wa mwisho apandishe. Hapo ndipo anaona kila kitu. Tangu ChatGPT, lile roboti la kuandika, itoke mwishoni mwa 2022 anasema asainmenti zimekuwa na Kiingereza kizuri mno kwa watu anaowajua, na kuna kaka mmoja kaleta kazi ya kurasa nane, mstari wa kwanza kabisa roboti bado linamwambia karibu, hii hapa insha uliyoniomba. Dogo akamuuliza kwa upole, "Kaka, na hii salamu tuiprinti?" Benchi zima lilicheka, jamaa akaomba kiti na kibodi. Mimi sina ugomvi na akili mnemba, inanieleza takwimu vizuri kuliko notsi zangu, ila kama hata mstari wa kwanza hujausoma basi wewe umekuwa mtu wa kubeba faili tu kutoka kwa roboti kwenda kwa lekcha.

Kitu kingine ambacho sijakiona kwingine, Mayu ana hadi diski la nje lenye folda za kila kozi. Humo kuna past papers, kuna mihadhara ya video ya MIT OpenCourseWare, ile ambayo chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuweka masomo yake wazi bure 2002, kuna miongozo ya kuandika risechi. Unakuja na flashi yako unanakili kwa shilingi 500 badala ya kuchoma bando la wiki. Mei 2024 zile kebo za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, YouTube inazunguka tu haifunguki, watu waliokuwa wanalidharau lile diski ndo walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila vitabu vizima vya kuiba hanakili, ukimwomba anakuuliza kama ungekuwa wewe ndo umeandika. Na kuna kijana alikuwa anakaa pale nje akiuza asainmenti za mwaka jana, Mayu alimfukuza hadharani kwa Kisukuma, sikuelewa hata neno lakini ujumbe nilipata.

Sasa nyota moja imekwenda wapi. Imekwenda kwenye usiri. Faili zenu zote zinabaki kwenye ile kompyuta, kwenye folda ya vilivyoshushwa, na skrini imewaelekea wateja. Nimewahi kukaa nikaona matokeo ya mtu, barua ya mkopo ya mtu, cheti cha kuzaliwa cha mtu, vyote kwa mpigo, na sikuwa nachungulia. Mbaya zaidi ni kompyuta za wateja, watu wanafungua WhatsApp yao kwa kuskani ile QR code, wanaprinti, wanaondoka bila kuitoa kwenye kompyuta. Anayefuata anakuta chati zako zimekaa zinamsubiri. Ukisahau, ingia kwenye simu yako, vifaa vilivyounganishwa, kitoe hukohuko ulipo, hauhitaji kurudi. Lakini duka nalo liweke utaratibu, wafute kila jioni, wageuze ile skrini, hata karatasi ya kubandika ukutani kukumbusha watu wamekosa kweli na wao ndo wauza karatasi? Nilimwambia Mayu, akasema "sawa mwanangu, tutaligeuza". Skrini bado inatutazama.

Mengine madogo. Kibodi ya kompyuta ya kona herufi zimefutika, kama huandiki kwa kukariri utateseka. Waifai ikifika watu kumi inachoka. Jirani wa chipsi anafungulia singeli kuanzia saa kumi jioni, kama unataka kurekebisha risechi yako kwa utulivu nenda asubuhi.

Jumapili anafungua baada ya misa. Tuma faili kabla hujatoka geto, andika jina kamili maana akina Neema pale ni wengi, na ulipe kwa lipa namba, noti ya elfu kumi asubuhi atakutuma kwa muuza maandazi ukatafute chenji na muuza maandazi naye atakurudisha kwake.