Mashine ya kukamulia ya ndoo moja: kasi ipo, tatizo ni povu

Mashine hii ndogo ya umeme, yenye ndoo ya lita 25 na vikombe vinne vya chuchu, inawafaa wafugaji wa Mtwara na Mikindani wenye ng'ombe wanne kwenda juu. Ng'ombe wa lita nane kwa mkamuo humalizika ndani ya dakika saba hivi, na kwa kasi hiyo mkono haufui dafu.

Kasoro yake iko kwenye hewa. Tazama mrija wa maziwa mashine ikifanya kazi. Maziwa yakija na povu linalorukaruka, kuna mahali panavuja: mpira wa kikombe umepasuka, au kikombe kimekaa upande. (Kitundu kidogo cha hewa kwenye kikusanyio, yaani pale mirija ya vikombe vinne inapokutana, kimewekwa kwa makusudi, usikizibe.) Hewa ya ziada huyachapa maziwa na kupasua utando unaofunika matone ya mafuta. Hapo lipesi, kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa ya kila ng'ombe, hupata upenyo wa kuyavunja mafuta, na ladha ya sabuni huingia. Ukichemsha lipesi inakufa, lakini ladha haitoki. Mama ntilie akikurudishia maziwa, hajakuonea. Ng'ombe anayekaribia kukaushwa huharibu zaidi.

Mvuto wa hewa uwe kati ya kPa (kilopaskali) 42 na 45, na mapigo ya kubana na kuachia chuchu yawe 60 kwa dakika. Mipira ibadilishwe kila baada ya mikamuo 2,500 au miezi sita, lolote litakalotangulia, hata kama kwa macho inaonekana mizima.

Kero ya pili: haijizimi. Kiwele kikishakauka, mashine yenyewe inaendelea kuvuta, ncha za chuchu zinaumia na ugonjwa wa kiwele unapata mlango. Kiwele kikiugua, plasmini, kimeng'enya kingine, huongezeka kwenye maziwa na kukatakata protini. Mtindi unatoka mwepesi, unaachia maji. Plasmini ni sugu kuliko lipesi, haimalizwi na joto la 72°C kwa sekunde 15. Kwa hiyo msimamizi asiondoke. Mtiririko ukikatika, funga mvuto kwanza, ndipo uvue vikombe. Kabla ya kuvisha, osha chuchu, zikaushe, kamua michirizi mitatu kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge, dalili ya kiwele kuugua. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini.

Mashine nzuri haikuokoi na mambo ya baadaye. Maziwa ya jioni yaliyolala kwenye friji yakichanganywa na ya asubuhi yenye joto, kisha yote yakapoozwa tena, lipesi inaamka. Na dumu linalopanda bodaboda kwenda mjini lijazwe hadi shingoni, maana nusu dumu linasukwasukwa njia nzima.

Mwenye ng'ombe mmoja au wawili abaki na mkono na ndoo yenye mdomo mwembamba. Anayenunua adai seti mbili za mipira ya akiba kabla hajalipa.