Vesti ya umeme ya kupasha mwili joto ukiendesha pikipiki: ya waya ama ya pawabenki?

Wale hutoka Nakuru alfajiri mkipanda Mau Summit mpaka Timboroa mnajua hiyo baridi, huko ni zaidi ya mita 2,700 na upepo unapenya hadi kwa mifupa. Nimevaa zote mbili.

Ya pawabenki ni nyepesi, unachomeka USB mfukoni unaenda. Shida ni hesabu: volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10 tu, unaskia joto kama mtu amekuwekea kiganja mgongoni, na ile pawabenki ya 10,000 mAh inakupea kama masaa matatu hivi. Lakini ukishuka unaingia nayo hotelini kunywa chai ikiwa bado inawaka, na hiyo raha si ndogo.

Ya waya sasa inakula betri ya pikipiki yenyewe, volti 12, nyingi ni wati 40 kwenda juu, hiyo ni moto ya ukweli hadi unafungua zipu. Lakini nduthi ya 150cc haina umeme mwingi wa kupeana, taa ya mbele pekee inachukua kama wati 35, so ukikaa sailensa (injini inawaka bila kusonga) kwa jam betri inashuka polepole. Mimi ilinizimikia Burnt Forest, stata ikafanya tik tik tik basi, nikapiga kiki hadi mguu ukafa ganzi. Na ukisahau kuchomoa ukishuka, unavutwa nyuma kama mbuzi wa kamba.

Kama uko na pikipiki kubwa chukua ya waya, na usiifunge bila fyuzi. Mtu wa boda kama mimi, pawabenki, ikibana mwilini chini ya jaketi ya kuzuia upepo.