Kliniki ya ngozi: mama kavilia damu, wao wakamuandikia krimu

Mama alianza kuvilia damu mikononi na mapajani bila ya kuanguka wala kujigonga. Mabaka mapana ya zambarau, mengine yameshageuka kijani. Nikampeleka kliniki moja ya ngozi hapa Unguja mjini.

Hata hatujakaa, dada wa mapokezi kautazama ule mkono, akapaza sauti benchi zima linasikia: "Huyu bibi mnampiga nyumbani?" Wallahi nilitetemeka. Mama akavuta buibui, akajifunika mikono: "Sijaguswa na mtu miye, mwanangu." Kuuliza si kosa, wapo wazee wanaopigwa kweli. Lakini muite ndani, funga mlango, umuulize mwenyewe kwa heshima yake.

Daktari naye hakuuliza la maana. Hakuuliza kama fizi zinatoka damu, wala kama choo kimekuwa cheusi. Hakuuliza hata anameza dawa gani! Mama ni mgonjwa wa moyo, kila jioni anameza warfarini ili damu isigande, na karibuni alinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, duka la dawa. Mfuko wa dawa nilikuwa nimeupakata. Tukaandikiwa krimu, tukalipa.

Sitaki kuwadhulumu: pasafi, foleni fupi, na mwanangu walimtibu ukurutu ukapona vizuri. Kwa ukurutu nendeni tu.

Usiku fizi zikaanza kuvuja. Tukakimbilia hospitali. Daktari wa zamu, kijana mdogo, akamwamkia mama, akazimimina dawa zote mezani, akazitenga zile mbili: ukizichanganya, hatari ya kuvuja damu inapanda. Akaagiza INR, kipimo cha damu kuganda. Kwa mtu kama mama inatakiwa baina ya 2 na 3. Yake ilipita 7, yaani damu inachelewa mno kuganda. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuganda, zilikuwa sawa. Zingekuwa zimeshuka chini sana ya 150,000, alisema, angetupeleka kwa bingwa wa magonjwa ya damu. Warfarini ikasimamishwa kwa muda, akapewa vitamini K, diklofenaki marufuku.

Basi nafuta niliyosema. Hata kwa ukurutu msiende. Mtu anavilia damu bila ya kuumia, akaguswe ngozi tu? Aanze kwa daktari wa kawaida, apimwe damu, na dawa zake zote aende nazo.

Pesa nimezidai. Wamenijibu dawa ikishatoka dirishani hairudi, na krimu haijafunguliwa hata kifuniko.